Silabi ya Sikio na Silabi ya Kalamu: Fundisho la Kiitaliano kwa Walimu wa Kiswahili

Makusudi ya makala haya ni kulipima fundisho moja lililokaa katika vitabu vyetu vya shule hata likawa kama methali, yaani kwamba kila silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, na kwamba konsonanti isiyofuatwa na irabu haina budi kuhesabiwa silabi peke yake. Fundisho hili halikutungwa na wajinga. Lina ukweli mwingi ndani yake, na mwalimu wa darasa la kwanza ana haki ya kulitumia apandapo ngazi ya kwanza. Lakini limetoka katika darasa la kwanza likaingia katika vitabu vya sarufi, likaingia katika mitihani, na sasa lawahukumu hata watunga mashairi. Nataka kuonyesha kwamba kosa lake ni moja tu: lahesabu herufi mahali pa kusikiliza sauti.

Ili nisidhaniwe kuwa nawalaumu wenzetu peke yao, nitachukua kioo kutoka mbali, nacho ni Kiitaliano, lugha niliyokaa nayo miaka kadhaa nilipokuwa nikisoma Ulaya. Hiyo ni lugha ambayo karibu maneno yake yote ya asili huishia kwa irabu, kama yetu; na shule zake, kama zetu, zafundisha kanuni ya kukata maneno ambayo sikio laikataa.

1. Darasa la Zagayu

Kwanza nieleze jambo lililonifanya niandike. Nilikuwa Zagayu, upande wa Bariadi katika mkoa wa Simiyu, nikikusanya maneno ya Kisukuma, nikaalikwa kuketi nyuma katika darasa la shule moja ambayo sina haja ya kuitaja. Mwalimu, mtu mwema na mwenye subira, alikuwa akifundisha silabi kwa makofi: kila silabi kofi moja. Alianza na majina ya nyumbani. Za-ga-yu, makofi matatu. Si-mi-yu, matatu. I-ti-li-ma, manne. Ma-swa, mawili. Darasa zima lilipiga kwa pamoja kama ngoma, wala hapakuwa na aliyekosea.

Kisha aliandika ubaoni neno mbuni. Msichana mmoja alipiga makofi mawili. Mvulana wa dawati la pili alipiga matatu. Mwalimu alitazama kitabu chake, akasema kwamba makofi ni matatu, m-bu-ni, kwa sababu m imesimama mbele ya konsonanti nyingine, kama katika mtu. Yule msichana aliketi.

Baadaye, nje ya darasa, niliwauliza wote wawili walikuwa wakifikiri nini. Msichana alifikiri ndege mkubwa asiyeruka, ambaye watu wa upande ule hawahitaji picha ili wamjue, maana Serengeti ni jirani yao. Mvulana alifikiri mti wa kahawa, ambao aliuona Bukoba kwa baba yake mdogo. Basi wote wawili walikuwa wamesema kweli! Ndege ni mbu-ni, silabi mbili. Mti ni m-bu-ni, silabi tatu, na wingi wake ni mibuni. Herufi ni zile zile, sauti si zile zile. Mtoto mmoja alipewa sifa kwa bahati, na mwingine alihukumiwa kwa kuwa na sikio zuri.

Sikumlaumu mwalimu wala simlaumu sasa. Alifuata kitabu. Nakilaumu kitabu.

2. Waitaliano na herufi s

Tuvuke bahari. Mtoto wa Kiitaliano afundishwapo kukata maneno mwisho wa mstari huambiwa hivi: konsonanti mbili zilizo sawa zitenganishwe, fat-to, ros-so, l, m, n na r zikifuatwa na konsonanti nyingine zibaki nyuma, al-to, cam-po, ar-co, konsonanti kama d au b ikifuatwa na r au l ziende pamoja mbele, ma-dre, li-bro. Hadi hapo kalamu na sikio ni marafiki. Lakini huambiwa pia kwamba s ikifuatwa na konsonanti yoyote iende mbele pamoja nayo: pa-sta, re-sto, ve-spa. Hapo ndipo urafiki uvunjikapo.

Ushahidi ni huu. Katika Kiitaliano irabu yenye mkazo, ikiwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, hurefuka endapo silabi yake ni wazi, na hubaki fupi endapo silabi imefungwa. Katika casa, nyumba, a ya kwanza ni ndefu, kwa kuwa silabi ni ca. Katika madre, mama, ni ndefu vile vile, kwa kuwa silabi ni ma. Katika fatto ni fupi, kwa kuwa silabi ni fat. Sasa tukisikiliza pasta, twaisikia a fupi, kama ya fatto, wala si ndefu kama ya casa. Basi sikio lasema pas-ta. Kalamu yasema pa-sta kwa sababu kanuni yake imeamriwa hivyo, lakini mtu yule yule aandikaye pa-sta hutamka pas-ta, naye hajui kuwa anajipinga.

Ushahidi wa pili watoka katika neno dogo litanguliao jina. Kwa majina ya kiume neno hilo kwa kawaida ni il: il sole, jua, il treno, gari la moshi. Lakini mbele ya s yenye konsonanti nyuma yake hugeuka kuwa lo: lo studente, mwanafunzi. Kwa nini t na r za treno zikubali il, na s na t za studente zisiikubali? Kwa sababu tr yaweza kuanza silabi moja bila taabu, lakini st haiwezi. S yatafuta irabu ya kuegemea nyuma yake, na lo yampa irabu hiyo. Msemaji husema los-tu-den-te. Hali kadhalika lo zio na lo gnomo, ambamo sauti ya kwanza ya jina, ikiwa kati ya irabu mbili, hutamkwa kwa uzito wa konsonanti mbili, nusu yake ikiifunga silabi iliyotangulia. Kanuni ya shule haiwezi kulieleza hata moja la mambo haya. Kanuni ya sikio yayaeleza yote.

Tujifunze nini? Si kwamba Waitaliano wameandika vibaya. Kukata neno mwisho wa mstari ni kazi ya mchapaji, na mchapaji ataka kanuni nyepesi. Tujifunzalo ni kwamba mgawanyo wa mchapaji na mgawanyo wa lugha ni mambo mawili, na kwamba wa lugha hujulikana kwa kuangalia jambo jingine litendekalo katika neno: urefu wa irabu, umbo la neno jirani, mahali pa mkazo. Silabi haionekani yenyewe. Huonekana kwa kazi yake.

3. Mkazo wetu kama mizani ya kupimia

Sisi hatuna irabu zirefukazo kama za casa, lakini tuna kipimo kilicho bora zaidi, nacho ni mkazo. Kiitaliano huhamahama: città yaweka mkazo mwishoni, tavola silabi ya tatu kutoka mwisho, na ancora ni neno moja machoni lakini mawili masikioni, maana ankóra ni «bado» na ánkora ni «nanga». Kiswahili chaweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na mambo yaliyo nje ya kanuni hiyo ni machache, kama lile jozi mashuhuri la barabára, njia, na barábara, sawasawa. Kwa hiyo tukitaka kujua silabi ziko wapi karibu na mwisho wa neno, na tuusikilize mkazo uko wapi.

Tuanze na mtu. Mkazo u juu ya m. Basi m ni silabi kamili, na fundisho la shule ni kweli. Vivyo hivyo m-bwa, n-chi, n-ta: shina ni fupi mno, nalo laikodi nazali iwe silabi. Lakini katika mbuzi mkazo u juu ya bu na nazali imeshikana na b kuwa sauti moja. Silabi ni mbili tu. Tofauti hii yaonekana wazi kuliko penginepo katika upatanisho wa sarufi. Mti ukiharibika ni mti m-bo-vu, silabi tatu katika sifa, maana m ni kiambishi cha ngeli, kilichokuwa mu zamani na hata leo hakijasahau nafasi ya irabu yake. Nyumba ikiharibika ni nyumba mbo-vu, silabi mbili, maana hapa nazali ni ya ngeli nyingine, nayo haikuwa na irabu tangu mwanzo. Maandishi sanifu, ambayo kamati iliyoundwa mwaka 1930 ilipewa kazi ya kuyaunganisha kwa nchi nne za Afrika Mashariki, hayabagui kati ya haya mawili, wala hayakuwa na lazima ya kubagua. Lakini sarufi yabagua, na mtoto azaliwaye na lugha abagua bila kufundishwa.

Sasa twende kwenye labda. Wako waandikao la-b-da na kuhesabu silabi tatu. Wasikilize wenyewe watamkavyo: mkazo u juu ya la. Kama silabi zingalikuwa tatu, ya pili kutoka mwisho ingalikuwa b, na mkazo ungaliangukia juu ya b, jambo ambalo hakuna kinywa cha Mswahili kiwezacho kulitenda. Wengine, wakiliona tatizo hilo, hukimbilia la-bda, wapate kuiokoa kanuni ya silabi wazi. Nawauliza: ni neno lipi la Kiswahili lianzalo kwa bd? Silabi ambayo haiwezi kuanza neno, kwa nini ianze katikati ya neno? Hili ndilo kosa la pa-sta lenyewe, limevaa kanzu. Jibu lililo rahisi ndilo lililo kweli: lab-da, silabi mbili, ya kwanza imefungwa. Kadhalika ras-mi, nak-shi, tak-si. Na kwa maneno marefu zaidi, mak-ta-ba na daf-ta-ri, ingawa huko mkazo uko mbali na hautupi ushahidi wa moja kwa moja.

Hapa mtu atasema: «Maneno hayo ni ya Kiarabu na ya Ulaya, Kiswahili chenyewe ni lugha ya silabi wazi.» Namjibu kwamba ni kweli kuwa Kiswahili kimeyapa maneno mengi ya kigeni irabu ambazo hayakuwa nazo. Club ya Waingereza imekuwa kilabu, na Schule ya Wajerumani imekuwa shule bila taabu kwa sababu ilikuja tayari ina irabu. Lakini labda na rasmi yamekuwa ya nyumbani muda mrefu, nayo hayakuongezewa irabu. Lugha haina chumba cha wageni ambamo kanuni hazihesabiki. Neno likisemwa na bibi kizee sokoni, neno hilo ni la Kiswahili, na sarufi isiyolieleza ni sarufi pungufu.

4. Malaria na Vespa

Yapo maneno mawili yaliyotoka Italia yakafika hata Zagayu, nayo yataonyesha kuwa silabi haisafiri pamoja na herufi.

La kwanza ni malaria. Waitaliano walilitunga kwa maneno mawili yenye maana ya «hewa mbaya», wakidhani kuwa ugonjwa watokana na mivuke ya mabwawa. Wao hulitamka kwa silabi tatu, ma-la-ria, mkazo u juu ya la, maana i yao hapo imeyeyuka, karibu kuwa y. Lilitufikia kwa njia ya Kiingereza na kuandikwa kwa herufi zile zile saba bila kubadilishwa hata moja. Lakini Mswahili hutamka silabi nne, ma-la-ri-a, mkazo u juu ya ri. Herufi hazikubadilika; neno limejengwa upya kutoka chini hadi juu. Kiswahili hakiyeyushi i ya namna hiyo, hukiacha kila irabu kitako chake.

La pili ni Vespa, ile pikipiki ndogo ambayo jina lake kwa Kiitaliano ni «nyigu». Kwa kalamu ya Kiitaliano ni ve-spa. Kwa sikio la Kiitaliano ni ves-pa. Na kwa sikio la Kiswahili? Mkazo u juu ya e; basi ni ves-pa. Mataifa mawili yasiyojuana yamekubaliana kwa masikio, na vitabu vya shule vya pande zote mbili vimekubaliana kukosea, kila kimoja kwa njia yake: kimoja chasema ve-spa, kingine chasema ve-s-pa.

5. Kisukuma chaongeza neno

Nimesema kwamba nilikuwa Zagayu kwa ajili ya Kisukuma, na sitakuwa nimetenda haki nikiiacha lugha ya mama ya watoto wale nje ya mlango. Salamu isikikayo huko asubuhi hata jioni ni mhola, yaani «salama». Msomaji wa Kiswahili, akiliona neno hili, atalikata m-ho-la, kama mhunzi, ambaye kweli ni m-hu-nzi. Lakini Msukuma asema mho-la, silabi mbili: mh ni sauti moja, nazali itokayo na pumzi. Asili yake ni nazali iliyokutana na p, na shina lake ni ndugu wa poa na pole zetu. Lugha mbili zilirithi mkutano ule ule wa sauti zikaugawana: Kisukuma kilishika nazali na pumzi kikaiacha p, kama katika mhembe, Kiswahili cha pwani kilishika p na pumzi kikaiacha nazali, ndiyo maana paa wa porini ana pumzi na paa la nyumba halina. Maandishi ya Kiswahili hayaionyeshi pumzi hiyo, na ya Kisukuma huionyesha kwa herufi mbili zidanganyazo macho ya mgeni.

Tena kuna jambo la nazali katikati ya neno. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ian Maddieson alipima kwa vyombo urefu wa irabu zitanguliazo nazali yenye konsonanti, kama vile mb na nd. Katika Kiganda irabu hiyo ilikaribia kuwa sawa na irabu ndefu. Katika Kisukuma ilikuwa katikati, ndefu kuliko fupi na fupi kuliko ndefu. Yaani katika Kisukuma nazali imegawana wakati wake na irabu iliyo mbele yake, hata mtu akiulizwa ni ya silabi ipi, jibu la haki ni kwamba ina mguu huku na mguu huko. Na Kiganda chenyewe, kwa jambo jingine, ndicho Kiitaliano cha Afrika Mashariki: hutofautisha okuta, kuachilia, na okutta, kuua, kwa urefu wa konsonanti peke yake, kama Kiitaliano kitofautishavyo sete, kiu, na sette, saba.

Nayataja haya kwa sababu mtoto wa Zagayu haji shuleni akiwa hana kitu. Aja na lugha yenye irabu saba, yenye irabu fupi na ndefu, na yenye toni ambayo Irene Richardson aliiandikia kitabu kizima mwaka 1959 na Herman Batibo akaieleza zaidi pamoja na mambo mengine ya lugha hiyo. Sikio lake limezoea kupima mambo madogo kuliko yale ambayo kitabu chetu chamwuliza. Tukimwambia ahesabu herufi, hatumwongezei maarifa; twampokonya aliyo nayo.

6. Mizani ya watunzi, na mahali nisipokuwa na hakika

Wenye kudhani kwamba haya ni mabishano ya wasomi tu wamwulize mtunzi wa mashairi. Tangu Amri Abedi alipoandika sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, wanafunzi wengi wamejifunza kwamba mshororo wa shairi la kawaida una mizani kumi na sita, nane na nane. Mizani ni silabi. Mtunzi aandikaye mti mbovu ana haki ya mizani tano, na aandikaye nyumba mbovu ana nne. Mwamuzi ahesabuye kwa kitabu chetu atampunguzia wa pili alama, akimwambia kuwa mizani zimezidi, hali shairi lake laimbika bila kukwama. Na lisemwalo na wimbo haliwezi kukanushwa na kalamu: neno likikaa vizuri katika mahadhi, silabi zake zimetimia.

Sharti niseme pia mahali ambapo kipimo changu chafika mwisho wake. Katika amka, m ilikuwa na u zamani, amuka, na kwa hiyo wengi huihesabu silabi: a-m-ka. Nami nawafuata, lakini nakiri kwamba wako wasemaji ambao m yao hapo ni fupi sana, hata neno lakaribia kuwa am-ka. Katika benki na kampuni nazali yakutana na k na p, jambo ambalo Kiswahili cha asili kililikimbia ndani ya mashina yake, kama tulivyoona kwa paa. Mkazo watuambia kwamba n ya benki si silabi. Hautuambii kama ni ben-ki au be-nki. Mimi naelekea ben-ki, lakini hilo lataka kupimwa kwa vyombo, katika vinywa vya watu wa miji na wa vijiji, kabla ya kuandikwa katika kitabu cha watoto. Afadhali kitabu kinyamaze kuliko kiamue bila ushahidi.

7. Pendekezo

Sipendekezi kuifuta kanuni ya silabi wazi katika madarasa ya chini. Ma, me, mi, mo, mu zimewafundisha kusoma wazee wetu na sisi wenyewe. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, vitabu vitenganishe waziwazi kukata neno mwisho wa mstari, ambako ni kazi ya mchapaji, na kugawa silabi, ambako ni kazi ya mwanalugha. Jambo hili limezidi kuwa la lazima sasa ambapo mashine zatukatia maneno zenyewe, mara nyingine kwa kanuni za lugha za kigeni, hata ng' yaweza kuachwa mstari huu na ombe ikatupwa mstari wa pili. Pili, silabi iliyofungwa ikubaliwe kuwa silabi halali ya Kiswahili, lab na ras na ves, bila kuitafutia irabu isiyokuwapo. Tatu, kila mtihani uulizao silabi za neno lenye mb au nd mwanzoni utaje maana ya neno au ulitie ndani ya sentensi, ili mtoto ajue ni mbuni yupi aulizwaye.

Pendekezo hilo la tatu ni dogo kabisa, halina gharama, wala halihitaji shahada ya Ulaya ili kulielewa. Lakini lingalikuwapo katika kitabu cha yule mwalimu, msichana wa Zagayu angaliulizwa kwanza alikuwa akifikiri nini, naye angalijibu, na darasa lote lingalijifunza kutoka kwake kwamba neno moja la kalamu laweza kuwa maneno mawili ya sikio.